Spika Tano Ndani ya Futi Kumi kwa Kumi

Minada ya korosho ikishaanza, Oktoba hivi, maboksi ya sabufa huhama kutoka ndani ya maduka na kupangwa barazani. Msimu uliopita mpwa wangu aliteremka Mtwara mjini kutoka Nanyamba, fedha ya AMCOS, chama chao cha ushirika, ikiwa imeshasoma kwenye akaunti, akanikuta nyumbani Chikongola. Hata chai hakuimaliza.

"Mjomba, nataka ile ya spika tano na sabufa. Ile inayokuzunguka kama uko sinema."

Nikamuuliza chumba chake kina ukubwa gani.

"Futi kumi kwa kumi. Kitanda kimo humohumo, na mama watoto ameshasema kabati halihami."

Nikamwambia akae kwanza, duka halikimbii. Tuliongea mpaka adhuhuri, na haya ninayoandika ndiyo niliyomweleza, pamoja na machache niliyoyakumbuka alipokwisha kuondoka.

Tuanze na maneno, maana mtaani tumeyachanganya. Kwetu "sabufa" ni mtambo mzima: boksi kubwa, vispika vyake, rimoti na taa zake za disko. Kwa fundi, sabufa ni lile boksi kubwa peke yake, linaloshughulika na besi. Namba zilizoandikwa nje zinafuata hesabu ya fundi. Ukiona 2.1, maana yake spika mbili na sabufa moja. 5.1 ni spika tano na sabufa: mbili za mbele kushoto na kulia, moja ya kati inayokaa chini ya runinga, na mbili za pembeni zilizorudi nyuma kidogo. Ya kati watu huidharau kwa sababu haipigi mdundo, lakini katika filamu iliyorekodiwa kwa ajili ya spika hizo ndiyo inayobeba karibu maneno yote ya waigizaji. Ukikuta namba ya tatu, kama 5.1.2, hizo mbili za mwisho ni spika za juu, za mfumo wa Dolby Atmos ulioingia kwenye majumba ya sinema mwaka 2012.

Sasa hapo ndipo watu wanapopigwa. Namba hizo zinahesabu spika, hazihesabu sauti. Mtambo unaweza kuwa na spika tano na zote zikaimba kitu kilekile, kama wanakwaya watano wa sauti ya kwanza. Ili gari lisikike likipita kutoka mbele yako hadi nyuma ya sikio la kulia, lazima mambo matatu yakutane. Aliyetengeneza filamu awe amerekodi njia sita za sauti zilizo tofauti, moja kwa kila spika na ya sita ya sabufa. Njia hizo zisafiri mpaka kwenye mtambo wako bila kubanwa ziwe mbili. Na mtambo wenyewe uwe na uwezo wa kuzifungua. Zinapakiwa kwa mifumo kama Dolby Digital na DTS, yote miwili ikiwa imeanzia sinema, mwaka 1992 na 1993. Likikosekana moja kati ya hayo matatu, spika zako za nyuma ni mapambo yanayolia.

Kwa hiyo ukiingia dukani usiombe kwanza kuwashiwa muziki. Muombe muuzaji augeuze mtambo uone mgongo wake. Ukikuta pini nyekundu na nyeupe tu, pamoja na tundu la waya wa simu, tundu la flashi na bluetooth, huo unapokea njia mbili hata kama umefungiwa spika tano. Nyuma inapewa nakala ya mbele. Zile 3.1 zilizojaa madukani mara nyingi ziko hivyohivyo: spika ya tatu hupewa mchanganyiko wa kushoto na kulia, na sabufa inabaki na kazi yake. Ukikuta matundu sita ya pini yaliyopangwa pamoja, kila moja na jina la spika yake, huo uliundwa uungwe na deki ya DVD yenye matundu sita; bila deki ya namna hiyo, hayana kazi. Unachotafuta ni tundu la HDMI lililoandikwa ARC, au tundu dogo la mraba lenye kifuniko. Hilo la mraba ni la waya wa optikali, unaobeba sauti kwa mwanga mwekundu unaotoka upande wa runinga. Juu yake kuwe na alama ya Dolby Digital. Alama isipokuwepo, tundu peke yake halikuhakikishii kitu, maana mwanga huohuo hubeba njia mbili za kawaida vilevile.

Mpwa wangu akaniuliza swali la maana: "Sasa mimi natazama nini chenye njia sita?"

Tukahesabu. Muvi zake huziweka kwenye flashi kibandani, na nyingi ni za kutafsiriwa, zile ambazo sauti ya mtafsiri imewekwa juu ya sauti ya filamu. Kazi ile naipenda, nimecheka nayo miaka mingi, lakini kwa jambo letu la leo imekwisha: mtafsiri akishachanganya sauti yake na ya filamu, kinachobaki huwa njia mbili, au moja. Hakuna mtambo utakaoitenganisha tena. Muziki wa kwenye simu kwa kawaida ni njia mbili, tangu studio. Mpira wa kwenye king'amuzi usiuamini kwa maneno ya mtu, mimi nikiwemo. Tazama kioo cha mtambo wenye dekoda, yaani wenye uwezo wa kuzifungua njia hizo, wakati mechi inaendelea. Kikiandika PCM au 2.0, unapokea mbili. Kikiandika Dolby Digital na kuonyesha vialama vya spika tano, umepata. Njia sita za kweli utazikuta kwenye diski halisi za DVD, kwenye filamu za huduma za kulipia mtandaoni, na kwenye mafaili makubwa ya filamu ambayo hayajakamuliwa ili yaenee kwenye flashi.

Na hata chanzo kikiwa kizuri, runinga inaweza kukuharibia katikati ya njia. Ingia kwenye mipangilio ya sauti: pakiwa pameandikwa PCM, runinga inafungua yenyewe na kukupa mbili. Badilisha iwe Bitstream, au Auto, au Pass-through, kila kampuni ina neno lake. Runinga nyingi pia hazisomi DTS. Utaona picha inakwenda na sauti hakuna, nawe utadhani sabufa imekufa. Watu wamepeleka mitambo mizima kwa fundi kwa sababu hiyo.

Hesabu ikatupa jibu: katika kila saa kumi anazotazama, labda moja ina njia sita. Akawa ameanza kunywa chai.

Lakini tuseme wewe msomaji unazo njia sita, una intaneti ya kutosha na umekusudia. Sasa linakuja suala ambalo muuzaji hawezi kukusaidia, kwa sababu liko kwako: chumba.

Chumba cha futi kumi kwa kumi ni cha mita 3 na kidogo kila upande. Katika joto letu la kusini, sauti hukimbia kama mita 348 kwa sekunde. Mawimbi ya besi ni marefu. Lile la masafa ya hezi 57, yaani mitetemo 57 kwa sekunde, lina urefu wa mita 6.1 hivi, yaani nusu yake inaingia sawasawa kati ya ukuta na ukuta. Wimbi la namna hiyo likigonga ukuta hurudi na kujipanga juu ya jingine linalokwenda, na matokeo yake ni besi inayorundikana kwenye kuta na kukauka katikati ya chumba. Jaribu mwenyewe leo usiku. Weka wimbo wenye gitaa la besi, keti kitandani mgongo ukiwa umegusa ukuta, kisha simama katikati ya chumba. Utadhani umebadilisha redio.

Ubaya wa kumi kwa kumi ni kwamba urefu na upana vinalingana, kwa hiyo noti ileile inavimba pande zote mbili. Ukiwa na silingi ya futi kumi pia, zimekuwa tatu. Noti moja inanguruma, nyingine hazisikiki, na mwenye chumba husema "sabufa hii ina mdundo mzito" wakati mdundo ni wa chumba chake. Chumba cha kumi kwa kumi na mbili kinavumilika zaidi: upande mrefu unavimba kwenye hezi 48 hivi, mfupi kwenye 57, na mzigo umegawanyika.

Kubomoa ukuta huwezi, na chumba chenyewe cha kupanga. Unachoweza kuhamisha ni sabufa na kichwa chako. Sabufa ikiwekwa konani, kuta mbili na sakafu huisukuma besi mbele. Unapata mdundo mwingi bure, lakini ndio ule unaonguruma. Kuna hila moja ya zamani ya mafundi ambayo hutazamwa kama kichaa, ila inafanya kazi. Weka sabufa juu ya kitanda au kochi, pale unapokaa wewe. Cheza wimbo wenye besi inayotembea. Kisha tambaa sakafuni kuzunguka chumba, kichwa kikiwa chini, ukisikiliza. Mahali ambapo noti zote zinasikika sawa, hapo ndipo pa kuiweka sabufa. Funga mlango kwanza, watoto wa jirani wasikuone.

Sauti nyembamba zina tatizo lao jingine. Nyumba zetu za matofali ya saruji, plasta laini, sakafu ya malumalu na madirisha ya alumini ni nzuri kwa fagio na mbaya kwa sikio. Piga kofi moja katikati ya chumba kitupu. Ukisikia mlio wa haraka unaokimbia kama senti iliyodondoka, maneno ya filamu nayo yatakimbia hivyohivyo. Dawa yake ni vitu laini na vinene: zulia, pazia zito linalofika chini, godoro, kochi la kitambaa, kabati la nguo likiwa wazi. Kwa hiyo mwambie mama watoto kweli kabati lisihame. Mkeka mwembamba au kanga iliyotundikwa ukutani hupunguza kidogo tu. Trei za mayai zilizobandikwa kwenye studio za mtaani nazo zisikudanganye. Karatasi ile ni nyepesi mno, na besi inapita kama haikuziona. Nyumba isiyo na silingi bodi ina shida yake pia: bati linatetemeka pamoja na sabufa, na mvua ya Januari ikianguka, hata mtambo wa sinema utanyamaza.

Nikarudi kwenye spika tano. Mpangilio unaokubalika na wahandisi ni spika za mbele kukaa nyuzi 30 kushoto na kulia kwako, na za pembeni kwenye nyuzi 100 hadi 120, yaani usawa wa mabega na kurudi nyuma kidogo. Katika chumba cha futi kumi kitanda kimebana ukuta wa nyuma, kwa hiyo hakuna "nyuma" ya kuweka spika. Wengi huzitundika kwenye kona za juu nyuma ya kichwa, moja iko karibu na sikio, nyingine mbali, na wanachosikia filamu nzima ni ile moja ya karibu. Afadhali uzitundike kwenye kuta za pembeni, usawa wa unapokaa, futi mbili juu ya kichwa. Halafu mtambo wako uwe na mahali pa kuandika umbali wa kila spika, kwa sababu kila sentimita 35 hivi ni sehemu moja ya elfu ya sekunde ya kuchelewa, na sikio linajua. Mitambo ya bei ya chini mingi haina mpangilio huo. Ina kitufe cha kuongeza na kupunguza nyuma, basi.

Kuna jambo la vispika vyenyewe, na hapa ndipo nilipomshika mpwa wangu. Spika ya ukubwa wa ngumi, inchi tatu, haiwezi kushuka chini sana. Ikifika hezi 150 hivi imechoka, na kilichobaki inakiachia sabufa. Mpaka huo wa kugawana kazi, mafundi huuita krosova. Sikio la binadamu hushindwa kutambua besi inatokea wapi ikiwa chini ya hezi 80 hivi, ndiyo maana sabufa nzuri inaweza kufichwa nyuma ya kochi na usijue. Lakini sauti ya mwanamume inaanzia kwenye hezi 85 mpaka 180. Mtambo wenye vispika vya ngumi unampa sabufa sehemu ya koo la mtangazaji. Ukiiweka sabufa kando ya kitanda, mtangazaji wa mpira anaongea nusu kwenye runinga, nusu miguuni pako. Kwa mtambo wa namna hiyo, sabufa isitoke mbele, karibu na runinga, hata kama kule nyuma besi ni tamu zaidi. Na ndiyo maana kwa pesa ileile mimi huchagua spika mbili za inchi tano zenye maboksi ya mbao kuliko ngumi tano za plastiki. Watu hubishana nami, tunabaki ndugu.

Saundbaa, ile spika moja ndefu, nayo inafaa kuongelewa, maana inakaa chini ya runinga na haihitaji kutoboa ukuta wa mwenye nyumba. Ikiwa na spika ya kati ya kweli na sabufa yake pembeni, maneno husikika vizuri, na kwa wazee wanaolalamika kwamba filamu za siku hizi wanaongea kama wananong'ona, ni ukombozi. Zile zinazodai kuzungusha sauti bila spika za nyuma hurusha sauti kwenye kuta ili ikurudie. Zinataka kuta mbili zinazofanana. Upande mmoja ukiwa mlango wazi na mwingine ukuta, umezunguka nusu. Zinazorusha juu kwa ajili ya Atmos zinataka silingi bapa, ya futi 8 hadi 12. Kwenye bati la mteremko zinarusha sauti kwa popo.

Wati zisituchukulie muda. Boksi likiandikwa 12,000 na neno PMPO, hiyo ni hesabu ya msisimko wa kufumba na kufumbua, na hakuna kipimo kimoja kilichokubaliwa nyuma yake. Tafuta RMS, uwezo wa kudumu. Isipoandikwa, soma kibandiko cha nyuma kinachosema mtambo unakula umeme kiasi gani. Unaokula wati 60 hauwezi kukaa unatoa elfu. Spika ndogo ya kawaida ikipewa wati 1 hutoa kama desibeli 85, kipimo cha ukubwa wa sauti, ukiwa mita 1 mbele yake. Wati zikiongezeka mara mbili, unapata desibeli 3 tu zaidi; sikio linataka kama 10 ndipo liseme imekuwa kubwa mara mbili. Umbali wa mita 2 kitandani, wati 10 za kweli zinakufikisha karibu desibeli 89, hapo tayari unampigia mkeo kelele ili akusikie. Wati 20 au 30 za RMS kwa kila spika chumbani ni nyingi.

Na jirani unaye. Nyumba nyingi za kupanga, ukuta wa kati unaishia usawa wa silingi, juu ya hapo ni hewa ya pamoja chini ya bati moja. Besi hupita huko bila hodi. Vipande vya ndala kuukuu chini ya sabufa huzuia boksi kutetemesha meza na glasi, ila havimlindi anayeamka alfajiri kuswali. Kwenye rimoti tafuta kitufe cha usiku, Night Mode: kinapandisha maneno na kushusha milipuko, kwa hiyo unasikia mazungumzo bila kumwamsha mtu kila bomu likipigwa.

Mwisho, kabla ya kulipa, soma volti. Umeme wetu ni wa volti 230. Mtambo uliotumika ulioletwa kutoka Japani umeandikwa AC 100V, wa Marekani 120V. Ukiuchomeka moja kwa moja, utasikia harufu ya kuungua. Weka kilinda umeme kinachochelewesha kurudisha, kwa sababu umeme ukirudi baada ya kukatika ndipo unapoua. Nyaya zako, kwangua ncha kwa wembe: ikitoka nyeupe chini ya rangi ya shaba, ni alumini iliyopakwa. Kwa wanaoishi Shangani au Mikindani, upepo wa chumvi hula ncha za waya hata za shaba halisi. Kila baada ya miezi michache kata kipande kidogo, menya upya, kaza.

Tulitoka saa tisa. Dukani aligeuza mtambo mwenyewe, akamwambia muuzaji "hii inapokea mbili tu" kwa sauti ya mtu aliyezaliwa na habari hizo. Akanunua 2.1, spika za inchi tano, tundu la optikali kwa siku zijazo. Bodaboda ikambeba mpaka stendi, boksi mapajani.

Siku ya tatu akanipigia. Mtambo mzuri, alisema, lakini mwimbaji hatulii. Sauti imetawanyika, iko kila mahali na haiko popote, na mdundo wa gitaa umepwaya. Nikamwambia angalie mgongo wa spika, kila tundu lina rangi yake. Akaweka simu kitandani. Nikasikia anavuta kitu kizito sakafuni, mtoto anauliza jambo, kisha muziki ukakatika.

"Kushoto niliweka mwekundu kwenye mweusi, mjomba."

"Geuza."

Muziki ukaanza tena.

"Amerudi katikati," akasema. "Yuko palepale juu ya runinga."